Mgomba Uliozikwa Badala ya Kapteni Simiyu

Watu wa Buruburu, fezi ya kwanza, walikubaliana juu ya mambo machache, na mojawapo lilikuwa hili: jeshi la majini lina meli, jeshi la anga lina ndege, na Mungu ameyatenga hayo mawili kama alivyotenga nchi kavu na bahari. Kwa hiyo Kapteni Patrobas Simiyu alipohamia kati yao mwaka wa 1974 na kusema kwamba yeye ni rubani wa wanamaji, alisikilizwa kwa adabu ile ile anayosikilizwa mlevi akieleza kwa nini kiatu chake kimoja hakipo.

Hakuwa mlevi. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa kusema polepole, na alitembea katikati ya njia kana kwamba njia imechorewa mstari ambao wengine hawauoni. Alikuwa akishinda Pwani majuma kadhaa, kisha anarudi Nairobi kwa mapumziko, na siku ya kwanza ya mapumziko sare yake nyeupe huanikwa nyuma ya nyumba, ikipungia majirani mikono mitupu. Mabawa ya kifuani hakuyaanika. Hayo mkewe Asenath aliyaweka kwenye kisahani jikoni, pamoja na vitunguu saumu.

Twalib, mwenye duka la pembeni, aliyetoka Mombasa na aliyejiona kuwa mwakilishi wa bahari katika mtaa mzima, ndiye aliyelikabili suala lenyewe ana kwa ana.

"Kapteni, mimi nimezaliwa Kuze. Baharini nimeona kila kilichopo. Ndege ya wanamaji sijaiona."

"Ulikuwa ukitazama chini, Twalib."

"Na wewe unatazama wapi?"

"Mimi pia natazama chini. Ila natokea juu."

Twalib akampimia sukari. Jambo likaachwa lilale.

Ukweli ni kwamba serikali ilikuwa na bahari ndefu na meli chache, na mtu fulani mwenye akili alikuwa ameamua kwamba wanamaji wapewe ndege chache za pangaboi za kuzunguka juu ya maji, kutafuta waliopotea na kuwatazama wasiotaka kutazamwa. Marubani wake walivaa nyeupe, walikula na mabaharia, na walichekwa na majeshi yote mawili. Simiyu alikuwa mmoja wao tangu mwanzo, na hakuna aliyemwona akiona haya.

Alizaliwa upande wa Kitale, katika shamba la Mzungu mmoja aliyekuwa na mahindi mengi kuliko alivyoweza kuyatembelea na wafanyakazi wengi kuliko alivyotaka kuwajua majina. Baba yake alikuwa dereva wa trekta. Kwa Wabukusu, Simiyu ni jina la mtoto aliyezaliwa kiangazi. Kwamba mtu aliyepewa jina la ukavu angeishia kufanya kazi juu ya maji ni jambo ambalo wazazi wake hawakupewa nafasi ya kuliona mapema. Alipopata nguvu za kurusha jiwe alipewa kazi ya kuamia ndege shambani. Hivyo kazi yake ya kwanza ya anga ilikuwa kuwafukuza waliokuwamo.

Kisha mwaka mmoja viwavijeshi wakaingia, na Mzungu akakodi ndege ya kunyunyiza dawa. Ndege ile ilihitaji mtu wa kusimama mwisho wa mistari ya mahindi na bendera, ili rubani ajue aelekee wapi, kisha mtu huyo asogee hatua kadhaa na kusimama tena. Simiyu alishika bendera. Ndege ilimjia moja kwa moja usoni, ikapita juu ya kichwa chake na kumwogesha dawa, naye akasogea, akainua bendera tena. Wengine waliowahi kuishika bendera hiyo walikumbuka zaidi kukohoa. Yeye alikumbuka kwamba rubani alilima hewa kama baba yake alivyolima ardhi: mstari, kugeuka, mstari.

Baba yake, alipoambiwa kwamba mwanawe anataka kuendesha ndege, hakucheka. Alimpandisha kwenye trekta na kumpeleka mahali ambapo shamba lilishuka kuelekea mtoni.

"Matuta yameenda vipi?" akauliza.

"Yamekatiza mteremko."

"Mpumbavu atalima akiyakata. Trekta itaruka, itapinduka, itamlalia. Tuta halikatwi. Tuta hufuatwa."

Hiyo ndiyo shule yote ya urubani aliyoweza kumpa. Mengine walimfundisha Waingereza baada ya uhuru, kwao, katika mvua nyepesi isiyoisha, na walimrudisha nyumbani akiwa na cheti na mapenzi ya chai nzito. Shamba la Mzungu lilikuwa limekatwakatwa na kugawiwa, na baba yake akapata kipande pale pale alipolimia wengine. Huko ndiko alikozikwa mzee huyo, chini ya ardhi aliyoijua kwa gurudumu.

Asenath naye alikuwa mtoto wa wakulima. Alilea watoto wao na kufundisha chekechea mtaani, na nyuma ya nyumba, kinyume cha masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, alipanda sukuma wiki na migomba. Mjumbe wa mtaa alipokuja kulalamika aliondoka na kichane cha ndizi, na masharti yakabaki na herufi zao.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1977, wakati wa jua kali, maafisa wawili waliovaa nyeupe walikuja kumwambia Asenath kwamba ndege ya mumewe haikurudi. Ilikuwa mbali kaskazini, nje ya visiwa. Ndani walikuwa wawili, yeye na mtazamaji wake aitwaye Mativo. Imetafutwa na bado inatafutwa. Kwa lugha ya kazi, wamepotea. Walimwomba asubiri.

Asenath alisema atasubiri. Kwa bahati mbaya hakuwa peke yake katika uamuzi huo.

Watu wa magharibi ya nchi waliokaa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, walikuwa na kamati ya mazishi, na kamati hiyo ilikutana Kaloleni, kwenye ukumbi, chini ya uenyekiti wa Mzee Shitanda. Shitanda alikuwa karani wa bohari huko Industrial Area, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kumpa mshahara tu. Kazi yake hasa ilikuwa kusafirisha maiti. Alijua basi lipi lina breki, kwaya ipi haigombani njiani, na chifu yupi huhitaji kusalimiwa kwanza. Alijivunia kwamba hakuna mtu wao aliyewahi kulala jijini Jumamosi mbili akiwa amekufa. Na kamati ya mazishi ina tabia moja: ikishaundwa, haina namna ya kuvunjwa isipokuwa kwa kuzika.

"Mume wangu amepotea," Asenath aliwaambia. "Hajafa."

"Shemeji," Shitanda akasema kwa upole wa mtu mwenye mazoea, "anayepotea ni mbuzi."

"Hata mbuzi, Mzee Shitanda, mtu humtafuta kwanza."

"Wamemtafuta. Maji hayana nyayo."

Aliyemaliza mjadala ni Naftaly, baba mdogo wa Simiyu, ndugu wa baba yake aliyebaki. Naftaly alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha blanketi na mkubwa wa ukoo kwa wote waliokaa Nairobi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wajibu, jambo ambalo mara nyingi huchosha zaidi.

"Mama watoto," alimwambia Asenath, "mimi pia nampenda. Lakini roho isiyo na kaburi haijui pa kurudi. Itazunguka, itachoka, itakuja kuwauliza watoto. Tumtengenezee mahali."

Desturi ilikuwa inajulikana. Mtu aliyefia majini, au vitani, au popote ambapo mwili haukupatikana, huzikwa kwa mgomba. Shina la mgomba hukatwa, huvikwa sanda, hulazwa kaburini na kuliliwa kama yeye. Kaburi lake halichimbwi sana, kwa sababu hata walio na huzuni wanajua ni mgomba.

Asenath hakubishana na desturi. Alisema atakubali kwa sharti moja: mgomba atauchagua yeye.

Mazishi yalifanyika huko Kitale, kwenye kipande cha baba yake, na yalikwenda vizuri, kama mazishi yote ya Shitanda. Basi halikuharibika. Kwaya iligombana wakati wa kurudi tu. Ilipofika saa ya kuuleta mgomba, vijana walikwenda na panga, na Asenath akawazuia.

"Msikate. Chukueni jembe. Uchimbueni na tunguu lake."

"Mama, kinachozikwa ni shina," mmoja akamwelekeza.

"Mume wangu hakuwa shina tu."

Shitanda alifuta machozi. Alisema baadaye kwamba katika miaka yote ya kuzika hakuwahi kusikia mjane akitamka neno zito kama lile, na kwamba lilistahili kuingizwa katika hotuba. Vijana wakachimba. Mgomba ukang'oka mzima, na tunguu lake nene la chini ya shina likiwa limeshika udongo, ukalazwa kaburini kwa tabu kwa sababu haukutaka kulala sawa. Naftaly akatupa udongo wa kwanza. Majuma machache baadaye, kabla ya Pasaka, mvua za masika zikaanza, na kila mtu akasema hiyo ni baraka.

Duka la Twalib lilikuwa na simu, na watu wa sehemu ile ya mtaa walimpa kila mtu namba hiyo kama yao. Alasiri moja mwezi wa Aprili simu ililia, na sauti ya mwanamke ikamwambia asubiri, Bombay iko kwenye laini. Twalib alidhani ni habari ya mchele.

"Twalib, ni mimi. Simiyu."

"Simiyu gani?"

"Rubani."

"Huyo tumemzika."

Kimya kikapita kutoka Bombay hadi Buruburu, kwa bei ya kimataifa.

"Mmenizika na nini?"

"Na mgomba. Huko kwenu. Mimi sikwenda, lakini sukari ya chai ilitoka hapa."

"Asenath je?"

"Mzima. Ana hasira." Twalib akakumbuka kwamba dini haimruhusu kuzungumza na wafu kiholela. "Hebu kwanza. Kama kweli wewe ni Simiyu, mara ya mwisho ulinunua nini kwangu?"

"Nyembe. Zilikuwa na kutu. Ukaniambia ni rangi ya kampuni."

Twalib akafunika simu kwa kiganja na kuwageukia wateja. "Ni yeye," akasema.

Mambo yaliyotokea, kama Simiyu mwenyewe alivyoyaeleza baadaye bila kuyapamba, yalikuwa hivi. Walikuwa wakilima bahari kama kawaida, mstari, kugeuka, mstari, walipoingia katikati ya kundi kubwa la ndege wa baharini. Wale aliowafukuza utotoni walikuwa wametuma jamaa zao. Injini moja ikanyamaza palepale, ya pili ikafuata baada ya kulalamika. Mativo alimwona akiinamisha kichwa na kuyatazama mawimbi kwa makini, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Kapteni, unatafuta nini?"

"Matuta."

Mawimbi makubwa yalikuwa yakitembea kwa mistari, safu baada ya safu. Simiyu hakuyakata. Aliigeuza ndege, akaufuata mfuo mmoja kwa urefu wake, akailaza humo taratibu kama trekta inavyoingia kwenye mtaro. Ndege ilielea muda wa kutosha kwa Mativo kutoa mashua ya mpira na kusahau viatu. Siku ya pili wakaokotwa na meli kuukuu ya chumvi iliyokuwa ikienda India, ambayo redio yake ilikuwa imekufa kabla ya abiria wake na hakuna aliyeizika. Nahodha hakuona sababu ya kurudi nyuma. Bombay wakafikia katika ofisi iliyotaka vitambulisho, na vitambulisho vilikuwa chini ya bahari. Ofisi ikaandika Nairobi kuuliza kama kuna mtu wa jina hilo. Jibu lilipokuja, baada ya majuma, lilisema mtu huyo yupo katika kumbukumbu, lakini amekwisha kuzikwa, na waliambatisha programu ya mazishi. Programu ilichapishwa vizuri. Picha yake ilikuwa ya kupendeza. Hapo ndipo Simiyu alipoazima pesa kwa mfanyabiashara mmoja wa viungo na kupiga simu dukani.

Mativo, kwa upande wake, alirudi nyumbani Machakos, akamkuta mama yake anachambua maharagwe, akaulizwa mbona hana viatu. Watu wake walikuwa bado wanasubiri. Wengine wana bahati ya kutokuwa na kamati.

Simiyu alifika Buruburu mchana kweupe, kwa teksi kutoka uwanja wa Embakasi, na mtaa mzima ulikuwa nje ukijifanya unafagia. Mbele ya mlango wake, kwenye kiti cha mbao, alikuwa amekaa Naftaly, amevaa koti la mazishi kwa kukosa lingine la shughuli ya aina hii.

"Baba, habari za siku nyingi."

"Simama hapo hapo."

"Nimesimama."

"Wewe ni nani?"

"Mtoto wa ndugu yako."

"Mtoto wa ndugu yangu nilimtupia udongo kwa mkono huu."

"Ulitupia mgomba, baba."

"Nililia pia," Naftaly akasema. "Kwa hiyo usifanye mzaha." Akakohoa, akarudi kwenye wajibu. "Mkono wako siwezi kuushika. Na mlango huu huingii. Aliyezikwa akirudi haingii kwa mlango wa walio hai. Huvunjiwa ukuta wa nyuma, akaingia kama anayezaliwa, na kondoo huchinjwa."

Simiyu akaitazama nyumba yake, mawe ya kuchongwa na vigae vyekundu.

"Baba, ukuta wa nyuma ni wa benki mpaka mwaka wa tisini na mbili."

Naftaly akafikiri. "Hawatakubali?"

"Hawakubali hata nipige msumari wa kalenda."

Asenath alikuwa dirishani, watoto wamemshika sketi. Hakulia. Alimtazama mumewe kuanzia miguuni mpaka kichwani, kisha akasema, "Umekonda," na Simiyu akasema, "Chakula cha meli," na kwa siku hiyo hayo ndiyo yaliyoruhusiwa.

Lakini Naftaly hakuwa amemaliza, na alilolisema baadaye ndilo lililokuwa zito.

"Tutakwenda nyumbani kwa baba yako, kule ukuta ni wa udongo, tutakuingiza. Tutafukua kile tulichozika, tutakichoma. Na wewe hutaruka tena. Bahari ilikuchukua, tukailipa mgomba, ikakuachilia. Huwezi kurudi kuning'inia juu yake kama mtu anayedai chenji."

"Na nikiruka?"

"Basi hatufungui ukuta. Utabaki ulivyo. Mke huyu atakuwa mjane wa ukoo, watoto hawa watoto wa marehemu, na nyumbani kwa baba yako hutakanyaga."

"Baba, mimi sijui kazi nyingine. Wameshaniambia nifike kwa daktari wa jeshi mwisho wa mwezi, kisha nirudi kazini. Na sikuiangusha ile ndege. Niliitua."

"Sijasema hujui kazi. Nimesema umekufa. Marehemu hachagui."

Wengine wangepandisha sauti. Simiyu akachukua mkoba wake, akaenda kulala katika stoo ya Twalib, kati ya magunia ya sukari, na kesho yake akaonekana akinyoa ndevu uani kwa utulivu wa mtu aliyeko hotelini. Mtaa ulikuwa umekwisha kumpa jina.

"Sasa, Marehemu?" vijana wa kona wakamwita.

"Fiti," akajibu. "Nyinyi je, mlio hai?"

Twalib alimwuliza ataamua nini, kuruka au kuingia nyumbani. Alimwuliza huku akipanga sabuni, ili swali lisionekane kubwa.

"Vyote viwili."

"Huyo mzee hajakupa vyote viwili."

"Hajanipa bado."

Asenath alimletea chakula kupitia uzio uliotenganisha ua wa duka na bustani yake, kwa kuwa desturi haikusema lolote juu ya uzio. Wakazungumza huku mabati yakiwatenganisha, yeye akichuma sukuma upande wake, mumewe akila upande wake.

"Ungekubali tu useme hutaruka, ungekuwa umelala kwako," akasema.

"Ningekuwa nimelala. Halafu ningeamka."

Asenath alikuwa na haki ya kumtaka abaki chini, na kama angeitumia, pengine huyu bwana angeshindwa. Hakuitumia. "Nilipofunga ndoa na wewe ulikuwa juu tayari," akasema. "Sikiliza. Mimi sikuzika shina. Nilizika na tunguu. Kaburi lenyewe ni fupi, na huko nyumbani mvua imenyesha tangu kabla ya Pasaka. Wewe ni mtoto wa shamba, niambie."

Simiyu aliacha kula.

"Lilikuwa tunguu zima?"

"Zima. Na macho yake ya kuchipua."

"Baba Naftaly anajua?"

"Baba aliliona kwa macho ya kilio. Sasa twende tukafukue. Kama limeoza, utamsikiliza yeye. Kama limeota, yeye atakusikiliza wewe."

Simiyu akacheka, mara ya kwanza tangu Bombay, akaomba aongezewe ugali. Ule ulikuwa ni mchezo wa kubahatisha kazi yake na nyumba yake juu ya mzizi mmoja, naye aliukubali kama mtu anayekubali kikombe cha chai. Baadaye Twalib alimwuliza alipata wapi uhakika ule. Alijibu kwamba udongo wa kwao anaujua, na mke wake anamjua zaidi.

Naftaly alikubali kwamba kufukua, angalau, hakungoji jibu la mtu, wakasafiri wote: yeye, Simiyu viti viwili nyuma yake ili wasigusane, Asenath na watoto, na Shitanda, aliyesema kamati haiwezi kuruhusu shughuli yake ifunguliwe bila mwakilishi. Kaburi lilikuwa kando ya lile la baba yake. Kabla hawajafika karibu, Naftaly alipunguza mwendo.

Juu ya kaburi kulikuwa na machipukizi manene, ya kufika gotini, majani yao bado yamejikunja kama karatasi ya barua isiyosomwa. Udongo ulikuwa umepasuka kuyapisha.

Naftaly aliingia Nairobi akiwa kijana, lakini mkulima hatoki kwa mtu kirahisi. Alichuchumaa. Akagusa chipukizi moja, akafukua kidogo kwa kidole, akafuata mzizi mpaka alipoona unatokea.

"Nani alizika tunguu?"

"Mimi, baba," Asenath akasema.

"Kwa nini?"

"Mliniambia nizike. Hamkuniambia niue."

Shitanda akasema kwamba utaratibu ni utaratibu, kitu kilichozikwa kifukuliwe na kuchomwa, na kwamba yeye amekuja na mafuta ya taa.

"Nyamaza kidogo, Shitanda," Naftaly akasema, bila ukali. Akabaki amechuchumaa. "Mgomba wenye tunguu hauzikwi. Unapandwa. Na mgomba uliopandwa haukatwi kabla haujazaa. Hata mwizi anajua hilo."

Wazee wa pale waliitwa, wakakaa, wakatazama, wakanywa kilichokuwepo. Tatizo lilikuwa wazi kwa kila mmoja. Kama wangesema amekufa, kaburi lilikuwa likiota mbele yao. Kama wangesema hakuzikwa, wote walikuwa wamekula kwenye matanga yake. Hatimaye Naftaly akasimama, akavuta koti lake.

"Bahari hatukuilipa," akasema. "Tuliikopesha, na deni lenyewe limemea. Ukuta utavunjwa leo, kondoo achinjwe, kijana aingie. Hayo mengine yangoje mkungu. Kaburi hili likizaa, limezaa. Siku litakapokoma kuzaa, atashuka."

"Kwa hiyo niruke, baba?" Simiyu akauliza.

"Sijasema uruke. Nimesema sijakukataza."

Wakavunja ukuta wa nyuma wa nyumba ya udongo ya baba yake. Simiyu akaingia kwa magoti, udongo ukimwangukia shingoni, na upande wa pili Naftaly alikuwa amesimama akimsubiri, akampa mkono, na hakuuachilia kwa muda mrefu. Mwisho wa mwezi daktari wa jeshi alimpima macho, moyo na mapafu, akaandika kwamba yuko hai.

Mtu aliyezoea mahindi na matrekta angejua, na Naftaly alijua vizuri, kwamba mgomba haukomi. Mama akizaa anakatwa, na mtoto amekwisha kusimama kando yake, na mjukuu ananyanyua kichwa. Kila likizo Simiyu alikwenda kulitunza kaburi lake. Alipogoa, akaondoa machipukizi ya ziada, akatandaza majani makavu, akaleta samadi kwa mkokoteni. Hakuna marehemu upande ule aliyewahi kupaliliwa namna ile. Kila mwaka Naftaly naye alikwenda kukagua, akizunguka kichaka akiwa amefunga mikono nyuma, na kila mwaka alirudi Kaloleni kutangaza kwamba jambo bado linangoja.

Mkungu wa kwanza uliletwa Buruburu, na watu walikuja kuutazama lakini hakuna aliyekula. Twalib alikaa na suala hilo dukani mpaka adhuhuri. Akasema ametafuta kizuizi katika dini na hakukiona, mzikwa mwenyewe ameruhusu, na ndizi zikiiva hazisubiri fatwa ya mtu mwingine. Akala moja, akala ya pili, kisha akazungumzia bei. Tangu siku hiyo ndizi za kaburi la Kapteni ziliuzwa pale dukani, na waliozisifu zaidi walikuwa wale wale waliosema jeshi la majini halina ndege.

Aliruka miaka mingine kumi na zaidi. Alirudi juu ya maji yale yale, kaskazini mwa visiwa, akilima mistari, na Mativo kando yake akiwa na viatu vilivyofungwa kamba mara mbili. Waliwatafuta watu na wengi waliwapata, na ambao hawakuwapata, Simiyu alikwenda mwenyewe kuziomba familia zao zisikimbilie kwa kamati.

Alistaafu mwaka wa 1989, akiwa amefika umri ambao jeshi humshukuru mtu na kuchukua funguo. Sherehe ilifanyika Buruburu, nyuma ya nyumba, chini ya migomba ya Asenath. Shitanda aliendesha ratiba, na ilikwisha kabla ya wakati. Naftaly alikuwa mzee sasa, amestaafu kiwandani, na katika miaka hiyo alikuwa amejenga tabia ya kuwaambia watu asiowajua kwamba mwanawe ni rubani wa wanamaji. Alikaa kwenye kiti cha mbao, amevaa lile koti, akisikiliza hotuba kwa uso uliokunjamana. Zilipokwisha alimwita Simiyu kwa kidole.

"Nasikia unashuka."

"Nimeshuka, baba."

"Nani amekuruhusu?"

"Umri."

"Umri haukuwepo siku ile pale kaburini. Mimi nilikuwepo. Nilisema utashuka siku kaburi litakapokoma kuzaa. Mwezi uliopita nilikwenda. Lina mikungu miwili."

"Najua, baba. Hiyo unayokula imetoka huko."

Naftaly akaitazama ndizi iliyokuwa mkononi mwake, akaigeuza, akamaliza kipande kilichobaki, akauliza kama kuna nyingine.